Uzito wa gunia

Mvua ya masika ikishika Wete, hapa Pemba, baraza la duka langu hugeuka kituo cha gari. Duka lenyewe dogo: mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja, kabati la madaftari na kalamu, na picha za pasipoti kwa anayeweza kunisubiri. Lakini bati la mbele limetoka nje vizuri na baraza ni refu, la saruji, kwa hiyo wanafunzi wa kidato cha sita wakitoka kwenye pepa wakaikuta mvua hukimbilia pale. Hawaji kununua kitu. Wanakuja kugombana.

Mwaka huu walikuja wanne, siku ya pepa ya pili ya Advansi. Kwa asiyejua, Advansi ndiyo Hesabu za Juu, na ina pepa mbili, kila moja saa tatu. Ya kwanza ina maswali kumi, yote lazima, kila moja maki kumi. Ya pili ina maswali manne ya lazima, halafu unapewa manne mengine uchague mawili. Namba changamano, zile zenye i ndani yake, yaani kipeuo cha pili cha −1, zimo kwenye yale ya lazima, hakuna pa kukimbilia.

Wavulana watatu na msichana mmoja. Swali lenyewe siliandiki hapa. Namba nimezibadilisha, mtego nimeuacha ulivyo. Chukua namba −1 − i, uambiwe utafute ukubwa wake na pembe yake. Ukubwa hawakugombana, kipeuo cha pili cha 2, wote wanne. Kwenye pembe ndipo palipowaka.

"Arobaini na tano," alisema wa kwanza. "Mie pia arobaini na tano." Wa tatu akatoa kikokotoo mfukoni, akabonyeza pale pale mbele yao: hasi moja gawanya kwa hasi moja, tanjenti ya kinyume, sawasawa. Arobaini na tano. Akakiinua juu kama mtu anayeonesha kadi ya kupigia kura.

Msichana akasema taratibu, "Mie nilichora. Imeangukia kule chini, mkono wa kushoto."

"Basi tupige kura," akasema mwenye kikokotoo, na wakapiga kweli, kwa kunyoosha mikono. Tatu kwa moja. Wakacheka, si kwa ubaya, ni ile raha ya mtu aliyemaliza pepa akaona hayuko peke yake. Msichana alivuta mtandio wake mbele, akageuka kutazama mvua.

Mimi nilikuwa ndani natoa nakala sita za cheti cha kuzaliwa cha mtu. Nilisikia kila kitu na nikanyamaza. Nina mwiko wangu: jibu silisemi mpaka niulizwe, na siku ambayo kesho yake kuna pepa nyingine hata nikiulizwa hujifanya sikusikia. Wale kesho yao walikuwa na Kemia. Mwiko huu sikuzaliwa nao. Niliupata mwaka 2019, barazani kwa ami.

*

Kwetu ni Konde, lakini kidato cha tano na cha sita nilisomea hapa Wete, nikakaa kwa ami yangu Limbani. Ami ni mdogo wake baba. Alikuwa ameshastaafu wakati ule, ila miaka yake mingi ya kazi aliimaliza kwenye mizani, akipima karafuu kituoni. Ukimuuliza leo tarehe ya kuzaliwa mwanawe atakwambia mwambie mama yake. Ukimuuliza mwaka gani karafuu zilikuja na maji ndani atakutajia mpaka mwenye shamba.

Mei ile mtihani ulituangukia ndani ya Ramadhani. Siku ya pepa ya kwanza ya Advansi tulikuwa kwenye kumi la mwanzo, mwili bado haujazoea. Nilitoka kwenye chumba cha mtihani midomo imekauka na roho nyeupe. Nilijibu yote kumi. Niliangalia mara mbili. Kulikuwa na swali moja la kukadiria mzizi wa mlinganyo, na lile ndilo nililojivunia zaidi, maana nilipomaliza nililirudisha jibu kwenye mlinganyo kulihakikisha, na likakubali mpaka tarakimu ya nne. Ukishaona hivyo unaweka kalamu chini, unasoma dua yako, unatoka.

Baada ya alasiri wakaja wenzangu wawili barazani kwa ami. Mmoja shoga yangu wa Jadida, tuliyeanza naye pamoja kidato cha tano. Wa pili kijana wa Mtambwe, mwembamba, mwenye tabia ya kukwambia umekosea kwa upole kiasi kwamba unamshukuru kwanza, hasira zinakuja usiku. Mke wa ami alikuwa jikoni na muhogo wa nazi. Harufu ya iliki ya uji ilikuwa inatoka mpaka nje, na zilikuwa zimebaki saa mbili na nusu adhana ya magharibi. Saa mbili na nusu za mtu aliyefunga lazima zipate pa kwenda. Zetu zilikwenda kwenye pepa.

Maswali tulikuwa tunayajua kwa moyo. Tulianza la kwanza, tukapita la pili, mambo shwari. Tulipofika kwenye integresheni, kile kipengele kidogo cha mwanzo ambacho mtu anakijibu huku anafikiria cha pili, kila mmoja akataja lake. Nalo nalibadilisha kidogo: tafuta integresheni ya saini x mara kosaini x.

Mimi nilipata nusu ya saini mraba, jumlisha c.

Shoga yangu alipata hasi nusu ya kosaini mraba, jumlisha c.

Kijana wa Mtambwe alipata hasi robo ya kosaini ya 2x, jumlisha c.

Tukatazamana. Watu watatu, majibu matatu, na hata hayafanani sura. Yangu chanya, yao hasi. Tukaanza kufanya upya juu ya mchanga, kwa kijiti, kila mtu na upande wake wa baraza. Mimi niliita saini u, shoga yangu aliita kosaini u, kijana alitumia ile fomula ya pembe maradufu. Nikatafuta kosa kwake, sikuliona. Akatafuta kwangu, hakuliona. Ikawa kila mmoja anasema "hebu rudia hapo," na mwenzake anarudia, na hapo hapana kitu.

Ami alikuwa pembeni na tasbihi yake. Alisikia "saini" mara ya ishirini akashindwa kuvumilia.

"Hiyo saini nani kaitia?"

Tukacheka. Nikamweleza, si saini ya kutia mkono, ami, ni ya pembe. Akasema haya, na kwa nini mnapigana. Nikamwambia hesabu moja imetoa majibu matatu, na wote tumefuata njia sawa.

Sasa hapa ndipo ninapomheshimu ami yangu. Hajasoma hesabu hizi. Alisoma mpaka alipoweza kuandika tarakimu safi kwenye daftari la kituo, basi. Lakini hakuuliza nani kakosea. Aliuliza: "Mnapishana kwa kiasi gani?"

Hatukuelewa.

"Jibu lako na lake. Zinapishana kiasi gani? Na ni kiasi hicho hicho kila mahali, au mara hivi mara vile?"

Kijana wa Mtambwe ndiye aliyefahamu kwanza. Akasema tuweke namba. Tuweke 30, digrii, kisha tuweke 60, tuone. Mimi nilikuwa na kikokotoo changu mapajani, nikabonyeza. Kwenye 30, jibu langu likatoa 0.125, la shoga yangu −0.375, la kijana −0.125. Kwenye 60, langu 0.375, la shoga yangu −0.125, la kijana 0.125. Tukaziandika mchangani, mistari miwili, na ami akashuka kutoka kwenye baraza akaja kuchutama juu yake kama anasoma daftari lake la zamani.

"Wewe na huyu mnapishana nusu," alisema, ananielekezea mimi na shoga yangu. "Hapa nusu, na hapa nusu. Na huyu mwanamume mnapishana robo. Hapa robo, na hapa robo." Akanyanyuka akishika magoti. "Huo ni uzito wa gunia."

Akatueleza. Karafuu haiji mizanini uchi, inakuja na gunia. Mmoja anapima na gunia lake, mwingine kashalitoa, wa tatu mizani yake haikukaa kwenye sifuri tangu asubuhi. Ukisoma namba zao utadhani ni karafuu za mashamba matatu. Lakini ongeza karafuu kwenye kila gunia, kiasi kile kile, usome tena. Zote zitapanda sawa. "Asubuhi mpaka jioni," alisema, "zenu zimepanda ngapi?"

Toa ya 30 kwenye ya 60. Yangu: 0.25. Ya shoga yangu: 0.25. Ya kijana: 0.25.

Ile c, namba isiyobadilika, ambayo miaka miwili tulikuwa tunaiandika mwishoni kama mtu anayefunga kifungo cha juu cha shati kwa kumuogopa mwalimu, ilikuwa ni gunia. Wote watatu tulikuwa sawa. Kila mmoja alikuwa na c yake, na c hizo hazikuwa namba moja. Kijana akamalizia kwa kuandika kuwa saini mraba jumlisha kosaini mraba ni 1, nusu yake ni nusu, na hiyo ndiyo nusu iliyokuwa inatutenganisha mimi na shoga yangu. Shoga yangu akapiga makofi. Mimi nikamuuliza ami, na hizi hasi je, karafuu hasi? Akasema, "Mizani iliyolala chini ya sifuri nimeziona nyingi, mwanangu. Hilo lisikutishe."

Natamani pepa ile ningeiachia pale.

*

Kijana wa Mtambwe alikuwa bado anatazama mchanga. Halafu akatazama kikokotoo changu.

"Samahani," alisema. Alikuwa anaanza hivyo kila mara. "Saini ya 30 umepata nusu moja kwa moja?"

"Ndiyo, si nusu?"

"Nusu. Lakini hukubadilisha kitu. Mie changu nilipojaribu kimenipa hasi sifuri nukta tisa themanini na nane, nikakumbuka kuwa tangu kwenye pepa kiko kwenye rediani. Chako hukubadilisha."

Anayejua keshajua. Kwa asiyejua: kikokotoo cha Casio tunachotumia wengi kina herufi ndogo juu ya kioo, ndogo kuliko punje ya mtama. D maana yake pembe unazoandika zinahesabiwa kwa digrii. R, kwa rediani, kipimo kingine cha pembe. Ukiwa kwenye hesabu za pembetatu unataka D. Ukiingia kwenye integresheni, au kwenye mlinganyo ambao x imekaa peke yake upande mmoja na kosaini ya x upande wa pili, unataka R, la sivyo kila kitu kinachotoka ni cha dunia nyingine.

Nilikitazama. D. Imekaa pale kama kupe.

Swali langu la mzizi, lile nililojivunia. Mfano wake ni huu: tafuta x ambayo kosaini yake ni x yenyewe. Anza na 0.5, tumia njia ya Newton na Raphson. Ukiwa kwenye rediani, hatua ya kwanza inakupeleka 0.7552, ya pili inakaribia 0.7391, na hapo panatulia. Mimi yangu ilikwenda 0.9956, kisha 0.9998, ikatulia pale. Na nilipoirudisha kuhakikisha, nikabonyeza kosaini ya 0.9998, kikokotoo kikanijibu 0.9998. Ndiyo maana niliweka kalamu chini. Shahidi niliyemuita alikuwa ni yule yule mshitakiwa, akajitetea vizuri sana.

"Lakini hata bila kikokotoo," kijana aliendelea, na upole wake wote, "rediani moja ni kama digrii 57. Kosaini ya 60 ni nusu. Kwa hiyo kosaini ya kitu kilicho karibu na moja haiwezi kuwa karibu na moja. Itakuwa nusu na kidogo."

Kitu cha kidato cha pili. Kosaini ya 60 ni nusu, mtoto anaijua kabla ya kujua bei ya sukari. Sikuhitaji kikokotoo kujua kuwa 0.9998 ni uongo. Nilihitaji kuchora mistari miwili tu, ule unaopanda na ule unaoshuka, nione wanakutana wapi. Sikuchora kwa sababu nilikuwa nimeshahakikisha.

Adhana ya magharibi ikaita. Mke wa ami akatoa tende, akatoa muhogo, akatoa uji. Nilikula tende moja. Ami alinitazama akasema, "Vipi, si mlikuwa sawa wote?" Sikuwa na la kumjibu.

Na si swali hilo moja. Usiku ule, baada ya tarawehe, nilipita pepa nzima kichwani natafuta kila mahali nilipobonyeza saini au kosaini. Nilipata pengine pawili ambapo huenda imeniharibia, na pengine pawili ambapo sikumbuki kama nilibonyeza au nilitumia kichwa. Hapo ndipo adhabu ya kulinganisha majibu ilipo: kosa uliloliona halikuumizi kama yale unayoyahisi. Nilikula daku nimesimama. Pepa ya pili ilikuwa bado mbele yangu, na siku zote za katikati nilizotakiwa kusoma vekta na lojiki nilizitumia kuhesabu maki za pepa ambayo ilishafungwa kwenye bahasha.

Nilihesabu, nikahesabu tena. A inaanza 80. B inaanza 70. C, 60. Nikitoa tatu hapa, nne pale, wakinipa maki za njia kwa sababu fomula niliandika vizuri, wasiponipa. Mwalimu wetu, nilipomwendea nikiwa na macho mekundu, alisema msahihishaji anafuata hatua, fomula ina maki zake na kuingiza namba kuna maki zake, nikae nisome pepa ya pili. Alikuwa sawa. Nilimshukuru nikaenda zangu kuhesabu tena.

Sasa nani aliiweka D? Mimi kikokotoo changu nilikiweka R tangu wiki moja kabla, naapa. Usiku wa kuamkia pepa, mtoto wa ami, wakati ule yuko kidato cha nne, alikiomba afanyie hesabu zake za pembetatu. Nilimpa. Alirudisha baada ya tarawehe, juu ya madaftari yangu, kimya. Mpaka leo anasema hakugusa kitu zaidi ya kujumlisha na kugawa. Ameshaoa sasa, ana mtoto, na kila sikukuu tunakumbushana, na kila sikukuu anakataa. Simuamini. Ingawa, niseme kweli, wiki ile ile nilikuwa nafanya Fizikia, mambo ya kurusha jiwe kwa pembe ya digrii kadhaa, na hayo hayafanyiki kwenye R. Lakini simuamini.

Pepa ya pili niliifanya kwa woga. Kila nikibonyeza natazama juu ya kioo, kila nikitazama nasahau nilikuwa wapi. Swali moja la vekta ambalo halina uhusiano wowote na D wala R nililiacha nusu kwa sababu muda ulikwisha.

Matokeo yalitoka Julai. Unajua yanavyotazamwa: tovuti ya Baraza la Mitihani, orodha ya skuli, namba ya skuli yako inayoanzia na S, halafu unashuka kwa kidole mpaka namba yako. Nilikuwa Konde nimeshika simu ya baba, mtandao unakuja na kuondoka, ukurasa unafunguka nusu. Advansi: C. Shoga yangu wa Jadida: C. Kijana wa Mtambwe: B. Sijui C yangu ilikatwa wapi. Daftari la majibu halirudi. Inawezekana kosa la D lilinila maki mbili tu na kile kiwewe cha pepa ya pili kikanila kumi. Mimi naamini hivyo, kwa sababu ndivyo inavyouma zaidi.

*

Vikokotoo nauza hapa dukani. Wiki ya mwisho ya Aprili wanafunzi wakija kununua penseli na rula huwaambia, toa kikokotoo chako, nibonyezee saini ya 30. Kikitoa nusu, kiko D. Kikitoa −0.988, kiko R. Sikwambii uweke kipi, hiyo ni juu ya swali, nataka ujue kilipo. Wengine wananiona mshamba. Kuna mmoja kikokotoo chake kilitoa nusu, akaniambia, "Dada, hii si ndiyo sahihi?" Nikamwambia kaa kitako.

Yule msichana wa barazani alirudi baada ya siku mbili. Mvua imekatika, wenzake hawapo. Alitaka kalamu mbili za bluu. Nikampa, akalipa, akabaki amesimama anazungusha kifuniko cha kalamu.

"Dada, wewe si ulisoma PCM?"

Nikamwambia nilisoma, Fizikia, Kemia na Advansi.

"Ile ya juzi. Ya pembe."

Nikamuuliza Kemia imekwisha? Imekwisha. Pepa gani imebaki? Akasema ameshamaliza zote. Basi nikachukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine, nikaigeuza upande mweupe, nikampa na kalamu yake mwenyewe. Sikumwambia kitu. Akachora mistari miwili ya msalaba. Akaenda hatua moja kushoto, kwa sababu ya −1. Akashuka hatua moja chini, kwa sababu ya −i. Akaweka nukta. Akavuta mstari kutoka katikati mpaka kwenye nukta, na mkono wake ulikuwa umetulia, hauna shaka hata kidogo. Mstari ulikuwa unaelekea chini kushoto. Hakuna jicho litakalouita ule arobaini na tano.

"Hasi mia na thelathini na tano," alisema.

"Na kikokotoo kwa nini kinasema arobaini na tano?"

Akafikiri. "Kwa sababu hasi gawanya kwa hasi ni chanya. Nimeshakifichia kuwa kulikuwa na hasi."

Nilimuonesha kitufe cha Pol, kipo pale pale kwenye kikokotoo chake, watu wengi hawakigusi mpaka wanamaliza skuli. Ukikipa −1 na −1 zote mbili, bila ya kuzigawa mwenyewe kwanza, kinakurudishia 1.414 na −135. Akajaribu. Akakitazama kioo kwa muda. Nilidhani atafurahi. Tatu kwa moja, na yule mmoja ndiye aliyekuwa sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Niliandika hivyo," alisema. "Kwenye pepa. Hii hii, na mchoro nilichora. Halafu nikajaribu kwa kikokotoo kuhakikisha, kikaniambia arobaini na tano, nikaikata."

Sikujua nimwambie nini. Akafunga kalamu, akaitia mfukoni.

"Lakini nilikata mstari mmoja tu, dada. Bado inasomeka."